Mjomba Hamdun, Wamarekani Watatu na Posa ya Samad

Mwenyezi Mungu humpa kila mja mtihani wake. Wapo waliopewa maradhi, wapo waliopewa majirani. Nadhir bin Zuhair alipewa mjomba.

Mjomba mwenyewe, Bwana Hamdun bin Hashil, hakuwa mtu wa kudharauliwa hata kidogo. Alikuwa mjumbe katika baraza la mashauri kule Maskati, akivisemea vijiji vya Sharqiyah, na kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia halua kwa mkunjo wake. Akisimama kuzungumza juu ya barabara au zahanati, hata aliyekuja kumpinga alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Laiti mambo yangeishia hapo, Nadhir angekuwa kijana mwenye raha zake. Lakini mjumbe alikuwa na marafiki.

Siku ya posa ilikuwa Alhamisi. Baada ya sala ya adhuhuri Nadhir alisimama mbele ya nyumba yao ya Ibra, amevaa kanzu mpya, amejifukiza udi mpaka mbuzi wa jirani wanapiga chafya. Gari ya mjomba ikaja na vumbi lake. Mbele alikaa mjomba. Nyuma walibanana Wamarekani watatu wenye ndevu za kufika kifuani, na juu ya mapaja yao magitaa mawili.

"Shikamoo, mjomba. Hawa ni nani?"

"Marahaba. We, umepofuka? Royce, Lonnie na Wendell."

"Majina yao nayajua. Nauliza wanakwenda wapi."

"Samad," alijibu mjomba, kama anayemweleza mtoto kwamba jua hutoka mashariki. "Kukuposea."

Inafaa kueleza hapa jinsi msiba huu ulivyoanza. Wamarekani wale walitoka jimbo la Georgia, kusini mwa nchi yao, wakaja Oman mwaka wa themanini na moja kuchimba visima vya maji mabondeni. Mchana walichimba. Jioni, kambini kwao nje ya Ibra, walipiga roki ya kusini kwao: Royce na Lonnie wakikimbizana kwa magitaa, Wendell akiwafuata nyuma kwa ngoma kama mama anayefukuza watoto na mwiko, na wimbo mmoja ukianzia Ibra huenda ukaishia Sur. Mjumbe alikwenda kambini siku moja kukagua kisima. Alirudi hana habari yoyote ya kisima.

"Nimemwambia Lonnie anieleze maneno ya nyimbo zao," alimwambia mkewe, Bi Turkiya. "Zote ni za nyumbani wasikokaa. Mto wa kwao, treni ya kwao, bibi yao kibarazani. Haya niambie, na sisi ni nini?"

Bi Turkiya alikuwa ameacha Tabora, walikoishi kabla ya kurudi Oman, cherehani na kaburi la mtoto. Tangu jioni ile hakusema neno baya juu ya Wamarekani, na kila Ijumaa aliwapelekea sinia la wali.

Hapo ndipo urafiki ulipokuwa siasa. Mjumbe alikwenda nao Sur, alikwenda nao Nizwa. Wadi Bani Khalid ilipofunguliwa zahanati, mjumbe alifupisha hotuba yake ili Wamarekani warefushe wimbo wao. Wazee wawili wa bonde walizitazama zile ndevu kwa muda, wakawashika mikono na kuomba wasomewe dua. Na kila walipokwenda, Nadhir, karani wa ofisi ya maji na mtu pekee katika ukoo aliyekuwa na Kiingereza cha kuaminika, alikwenda nyuma yao kama mkalimani. Alifasiri maana ya bibi kibarazani mbele ya liwali. Alifasiri mzaha wa Royce ambao haukuwa na kichekesho kwa Kiingereza wala kwa Kiarabu. Hakuna aliyemwambia ahsante, na hakuna aliyemwuliza yeye anaonaje.

Angeyavumilia yote hayo. Lakini leo ilikuwa siku ya Shukriya.

Shukriya binti Marzouq wa Samad alisomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana ya Ibra. Mwaka uliopita aliingia ofisi ya maji kulalamika kwamba tangi la skuli ni kavu, na alilalamika kwa ufasaha mkubwa, bila kurudia neno, mpaka makarani wengine wakaweka kalamu chini wakasikiliza. Nadhir alimpelekea skuli boza la maji siku ile ile. Tangu hapo skuli ile haikukosa maji, hata wakati Ibra nzima ilipokuwa inaoga kwa kopo. Dada yake Nadhir alikwenda kupeleleza, akarudi na jibu kwamba binti hana neno, lakini baba ana maneno mengi. Tena Ijumaa, yaani kesho yake, walikuwa wanakuja kumposa watu wa Sur, wafanyabiashara wa kale wenye nyumba ya milango ya kuchongwa. Mposaji wao aliitwa Talib, na ilisemekana ana meno mazuri.

Kwa hiyo leo au basi. Na kwa kuwa baba yake Nadhir alikwisha fariki, msemaji hakuwa mwingine ila mjomba.

"Mjomba, nakuomba," alisema Nadhir njiani, wameshaiacha lami. "Sheikh Marzouq ni mtu wa ada. Akikupa kahawa, usiinywe."

"Kwani mimi mtoto? Mwenye haja hanywi kahawa mpaka akubaliwe haja yake. Unakiweka kikombe chini, mwenyeji anauliza una nini, unasema, anakwambia kunywa, umepewa. Nalijua hilo kabla hujazaliwa."

"Ukinywa ndiyo umesema huna haja."

"Nadhir!"

"Nakukumbusha tu, mjomba."

"Huyo Marzouq wako miaka yote Mwanza alikuwa anakunywa chai ya maziwa kwa kikombe cha bati, na andazi kachovya ndani. Leo ananifundisha mimi ada!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia Nadhir hofu. Waarabu wa Samad waliozaliwa pale na kuzeekea pale walikuwa wepesi wa ada zao; wakisahau moja, hucheka. Waliorudi kutoka bara la Afrika ndio waliozishika kwa meno. Sheikh Marzouq alirudi mtu mzima, akajifunza kila kitu upya kwa kuuliza, na kila alichojifunza kilikuwa sheria. Ilisemekana alimrudisha mlangoni mgeni aliyeingia kwa mguu wa kushoto, akamwambia aingie tena.

"Wamarekani umewaambia nini kuhusu kahawa?" aliuliza Nadhir kwa huzuni.

"Watakunywa. Wao hawana haja ya kuoa," alisema mjomba, akacheka peke yake mpaka Samad.

Sheikh Marzouq aliwapokea kwenye majlisi yake, chumba kirefu chenye mikeka na mito, na pazia la kijani mlangoni mwa ndani. Alikuwa mwembamba, amenyooka kama kijiti cha wanja. Majirani wanne walikuwa wamekaa ukutani kushuhudia. Aliwatazama Wamarekani, akazitazama ndevu zao, na hazikumshitua.

"Hayyakum, karibuni. Na hawa?"

"Marafiki zangu," alisema mjomba. "Wasanii wakubwa."

"Na hayo magitaa yao tunayoyasikia, wameyaweka wapi?"

"Garini, sheikh! Yamebaki garini!" alidakia Nadhir, ambaye ndiye aliyeyafungia na ufunguo akautia mfukoni.

Wakaulizana habari kwa mpangilio wake: habari zenu, hakuna habari, ilimu zenu, yaani mapya, hakuna ilimu, mwaka huu tende vipi, alhamdulillahi. Wakanawa, wakala tende na halua. Kisha akaingia Mubarak, mtoto mkubwa wa Sheikh Marzouq, dala, birika la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Akammiminia mjomba. Mjomba akapokea, na kwa utulivu wa mtu aliyehutubia mawaziri, akakiweka kikombe chake mkekani. Hakukigusa tena. Nadhir naye akaweka chake. Moyo wake ukakaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Sheikh Marzouq alikiona kikombe cha mjomba. Lakini ada ilimtaka kwanza amalize wageni wote kabla ya kuuliza, naye hakuwa mtu wa kuruka ada. Mubarak akaendelea. Royce akanywa. Kikombe cha pili akanywa. Cha tatu, cha nne. Kila kilipokuwa kitupu Mubarak alikijaza, kwa sababu mgeni asipokitikisa bado anataka, na Royce, mtu mwenye adabu za kwao, aliona ni vibaya kukataa. Macho yake yalianza kutoka.

"Bwana mjumbe," alinong'ona kwa Kiingereza, "huyu kijana ananiua. Vipi unamsimamisha?"

"Anauliza vipi anasimamisha," alifasiri Nadhir haraka. "Mwambie atikise tu, mjomba. Mwambie kwa mdomo."

Mjomba aliinama kwa upole wa mwalimu. "Royce, rafiki yangu. Si hivyo. Nitazame mimi."

Akakiinua kikombe chake.

Nadhir aliona kikombe kinapanda. Mjomba alikitazama kikombe, akagundua kwamba kikombe kilichojaa hakitikisiki bila kumwagika, na kwa kuwa alikuwa mtu safi, akakimimina chote kinywani. Akameza. Kisha akakitikisa, mara mbili, kwa ustadi mkubwa.

"Unaona? Hivyo tu."

Royce akatikisa. Lonnie akatikisa. Wakafurahi wote watatu, wao na mjomba.

Majirani ukutani wakatazamana.

"Alhamdulillahi," alisema Sheikh Marzouq taratibu. "Nami nilidhani mmekuja na haja. Kumbe matembezi."

Rangi ilimtoka mjomba. "La! Sheikh, sisi tuna—"

"Umekunywa, Bwana Hamdun."

"Nilikuwa namwonyesha huyu—"

"Umekunywa na umetikisa. Mwenye haja hatikisi."

"Basi kesho asubuhi nitarudi."

"Kesho nina wageni wa Sur." Akawageukia majirani. "Enhe, tulikuwa tunasema nini juu ya mbuzi?"

Nadhir alikitazama kikombe chake mwenyewe, kimejaa mbele yake, bure kabisa, kwa sababu bwana harusi hana usemi. Msemaji ni mkubwa wake, na mkubwa wake ameshatikisa. Alimtazama mjomba. Mjomba, ambaye barabara tatu zilipita katika milima kwa ulimi wake, alikuwa anahesabu mistari ya mkeka.

"Baba," alisema Mubarak, "yule mnene hajanywa."

Wote wakageuka. Mwishoni mwa mkeka alikaa Wendell, mpiga ngoma, mikono juu ya tumbo, ndevu zimetulia kifuani, na mbele yake kikombe kimejaa hadi ukingoni. Katika watu wote waliokuja na mjumbe, msemaji pekee aliyebaki na haki ya kusema alikuwa huyu.

Sheikh Marzouq alikunja uso. Ada ni ada.

"Mwulize ana haja gani," alimwambia Nadhir.

"Wendell," alisema Nadhir kwa Kiingereza, "anauliza kwa nini hukunywa."

"Mwambie aniwie radhi. Nina kidonda cha tumbo. Daktari wa Nizwa kanikataza kahawa, pilipili na wasiwasi."

Mashekhe wanasema uongo una ruhusa mahali patatu: vitani, katika kusuluhisha watu, na baina ya mume na mke. Nadhir alijiona yumo katika yote matatu kwa pamoja.

"Anasema hatainywa," alifasiri, "mpaka umpe Nadhir bin Zuhair binti yako Shukriya."

Mjomba aliinua kichwa. Majirani wakaacha mbuzi wao. Sheikh Marzouq alimtazama Wendell kwa muda mrefu, naye Wendell, akidhani anahurumiwa, akalipapasa tumbo lake na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Ilionekana kama mtu mwenye haja nzito sana.

"Mgeni hajapata kutoka nyumbani kwangu na haja yake haijatimizwa," alisema Sheikh Marzouq hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Kwangu mimi, amepewa. Anywe."

Nadhir alikaribia kulia kwa furaha. "Kunywa, Wendell."

"Hukumwambia habari ya kidonda?"

"Kunywa tu!"

"Nikinywa hii nitajikunja kama kamba."

"Wendell, usipokunywa nitajikunja mimi maisha yangu yote. Nimemwambia hutakunywa mpaka anipe binti yake. Amenipa. Sasa usipokunywa, hajanipa."

Wendell alimkodolea macho. Kisha ndevu zake zikaanza kutikisika, na kicheko kikaja kutoka mbali, kutoka chini kabisa kwenye kidonda. Akakiinua kikombe, akamwonyesha Sheikh Marzouq kwa heshima, akanywa chote. Akakitikisa. Akafumba macho kama anayesubiri mzinga ulie.

"Sasa nitamwuliza binti mwenyewe," alisema Sheikh Marzouq, maana hilo nalo ni ada, tena ni sheria. Akainuka, akapita pazia la kijani.

Hawakukaa sana. Pazia likafunguka kidogo, na badala ya sheikh ikatoka sauti ya mkewe, Bi Ghaniya, sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba.

"Mnasikia huko? Mwanangu anasema hivi. Yeye anasomesha Kiingereza."

Nadhir alihisi udi wote unamtoka mwilini.

"Anasema Mmarekani amemsikia. Kasema tumbo. Hakusema posa. Mjumbe naye amemsikia, alikuwa anafundisha kutikisa vikombe. Baba yake amemsikia. Anasema chumba kizima kimesema, na hakuna mtu hata mmoja aliyemtaka yeye. Huyo mkalimani ana lugha tatu. Anauliza, yake mwenyewe ni ipi?"

"Bwana harusi hasemi," alijaribu mjomba. "Kwa ada, mimi ndiye—"

"Wewe nyamaza, Bwana Hamdun," alisema Bi Ghaniya.

Nadhir alisimama. Alikuwa na nia ya kusema maneno mazuri. Alikuwa ameyatunga tangu mwezi uliopita, yalikuwa na mwezi mchanga ndani yake na ua la asumini. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kingine.

"Bi Shukriya, mimi nimechoka!" alipaza sauti. "Nimechoka kufasiri maneno ya watu, yangu yanaozea kooni! Nimechoka na mjomba! Mjomba nisamehe, lakini nimechoka na wewe! Nimemwambia usinywe, nimemwambia njia nzima, usinywe, na yeye kanywa! Magitaa siyapendi! Nyimbo zao haziishi! Na wewe nawe, nimekuletea boza la maji hata tangi lenu likiwa limejaa, dereva ananiuliza bwana tunamwaga wapi, namwambia mwaga popote, nataka kupita pale tu! Ofisini wananicheka! Na hii kanzu fundi ameibana makwapani, siwezi hata kuinua mkono! Huyo wa Sur ana meno, mimi sina kitu, nina mjomba! Lakini nakutaka. Nakuposa mimi. Si Mmarekani. Mimi!"

Akabaki anahema. Jirani mmoja alisema "La ilaha illa Allah" chini kwa chini. Nyuma ya pazia palisikika kishindo kidogo, kama mtu aliyeziba kicheko kwa mto, kisha mnong'ono, kisha Bi Ghaniya.

"Anasema huyo sasa amemsikia. Anasema ndiyo. Anasema pia apunguze sauti, kwani aliyeko nyuma ya pazia si kiziwi."

Sheikh Marzouq akatoka, uso wake ule ule, akakaa mahali pake.

"Kufasiri huku kwako," alisema, "nyumbani kwangu usifanye tena."

"Sifanyi tena, baba."

"Haya. Al-Fatiha."

Wakainua mikono, na Wamarekani wakainua yao kwa kuwaiga, Lonnie akachelewa kuitikia amina, akaitikia peke yake, kwa sauti nene ya kanisani kwao.

Njiani kurudi Ibra jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima, na Wendell alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, kichwa katika paja la Royce, akiguna. Mjomba alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja.

"Umeiona siasa ile?" alisema. "Mimi nainywa makusudi, macho yote kwangu, na yule nyuma nimemweka na kikombe kimejaa. Marzouq kaingia kichwakichwa."

Nadhir alimgeukia. Alifungua kinywa.

"Jumamosi nitawasimulia Maskati," aliendelea mjomba. "Na harusini, Nadhir, baada ya maulidi tu, wimbo mmoja. Mfupi."

"Simamisha gari, mjomba."

"Wimbo mmoja, mwanangu, hautamla mtu!"

"Simamisha, kuna duka."

Mjomba akasimamisha. Nadhir akaingia dukani, akatoka na maziwa ya baridi, mengi kuliko anavyoweza kunywa mtu mmoja. Hakurudi mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akamsogeza Lonnie na gitaa lake, akabanana hapo, akamwinua Wendell kichwa na kumnywesha taratibu, huku mbele mjomba, aliyebaki peke yake, ameshaanza kukisimulia kile kisa upya, na safari hii Royce hayumo ndani yake kabisa.